Maswali ya wasomaji: breki za lori na gharama ya "safari moja tu"

Barua za wenye malori na madereva zimekuwa nyingi, na nyingi zinagusa jambo lilelile: breki zimefikia wakati wa kufunguliwa, lakini kuna mzigo unasubiri. Tumechagua tano. Majibu yote yanahusu breki za upepo zenye dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) na lainingi (vipande vya kusugua vilivyofungwa kwenye viatu vya breki, vinavyobana dramu kutoka ndani), ambazo bado ndizo zilizo kwenye matela mengi ya njia zetu.

Dereva anasema breki bado zinashika. Nisubiri?

*Nina kichwa cha dabo difu na tela la ekseli tatu. Tunabeba saruji kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Fundi amefungua tela, akasema lainingi za ekseli mbili za nyuma zimebaki kidogo sana na dramu moja lina mikwaruzo. Dereva wangu, mtu mzima na mzoefu, anasema breki zinashika vizuri tu. Mzigo upo na nina rejesho la benki kila mwezi. Nikisukuma mbele miezi miwili, hasara yake hasa ni nini? — Mama mwenye lori, Makambako*

Mama, dereva wako hasemi uongo. Shida ni kwamba mguu wake hauwezi kumwambia hicho unachotaka kukijua. Kwenye gari dogo la breki za mafuta, nafasi kati ya lainingi na dramu ikikua, pedali hushuka na dereva hushtuka mapema. Kwenye lori la upepo pedali inafungua vali tu, kazi ya kusukuma ni ya upepo. Pedali itakuwa ileile chini ya mguu wake, lainingi ziwe mpya au ziwe zimefika kwenye riveti zinazozishikilia kwenye viatu.

Kinachobadilika kiko chini ya tela, mahali ambapo dereva haoni. Upepo ukiingia kwenye busta (chemba ya upepo ya kila gurudumu) unasukuma mpira, mpira unasukuma fimbo, fimbo inasukuma slaki (mkono unaorekebisha nafasi ya breki), slaki inazungusha kamu yenye umbo la S, na kamu inatanua viatu vya breki hadi vibane dramu. Busta namba 30, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye matela, ikipata upepo wa psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) inasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 1,360. Lakini nguvu hiyo ipo kwa umbali fulani tu. Fimbo ya busta 30 ya kawaida haitakiwi kutoka zaidi ya milimita 51. Ikifika kama milimita 64 imegonga mwisho wa busta: haiendi tena, na gurudumu hilo halina breki hata dereva akikanyaga kwa miguu yote miwili.

Angalia nafasi iliyopo hapo katikati: milimita 13. Dramu la chuma cha kumimina hutanuka likipata joto. Likipanda nyuzi 300 za Selsiasi, jambo la kawaida kwenye mteremko mrefu, dramu la milimita 420 linaongezeka kipenyo kwa zaidi ya milimita moja. Milimita hiyo, ikirudi kupitia kamu na mkono wa slaki, inakuwa kama sentimita moja ya ziada kwenye fimbo. Kwa hiyo breki iliyokuwa kwenye kikomo chake asubuhi pale Makambako, ikiwa baridi, inaweza kuwa imekwisha kabisa katikati ya mlima. Dereva aliijaribu uwanjani ikashika, na alisema kweli.

Sasa hasara. Bei za spea zinatofautiana kati ya duka na duka, kwa hiyo chukua karatasi uandike za duka lako. Kazi ikifanyika leo, ekseli moja inataka viatu vinne, yaani vipande vinane vya lainingi pamoja na riveti zake, springi za kurudisha viatu, rola zinazokaa kati ya kamu na viatu, sili mbili za habu (kitovu cha gurudumu), grisi ya beringi na ufundi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa.

Ukisubiri, lainingi inafika kwenye vichwa vya riveti. Riveti zinachimba dramu. Dramu lenye mikwaruzo midogo linaweza kuchongwa, lakini lina kikomo, na kikomo hicho kimechapwa kwenye dramu lenyewe, mara nyingi milimita 3 hadi 4 juu ya kipimo chake cha mwanzo. Likipita hapo ni chuma chakavu. Usikubali fundi akuchongee "kidogo tena": dramu jembamba linapata moto haraka na linapasuka. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza madramu mawili kwa kila ekseli, maana hatubadilishi upande mmoja.

Hapo bado hujagusa habu. Joto la breki inayosaga chuma kwa chuma linaingia kwenye habu, grisi inayeyuka, inapita kwenye sili na kumwagikia lainingi. Sasa breki hiyo inateleza, na beringi imebaki kavu. Beringi kavu ikikwama inakula spindo (ncha ya ekseli inayobeba beringi), na spindo ikiharibika unazungumzia kununua ekseli au kutafuta fundi wa kuchomea na kuchonga upya, kazi ambayo sisi hatuipendi kwa gari la mzigo. Matairi nayo yanaumia, kwa sababu joto linapenya kwenye rimu hadi kwenye waya za ukingo wa tairi. Tairi linapasuka kilomita nyingi baadaye, watu wanalaumu tairi.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaiandiki. Tela lisiposhika, kichwa kinabeba kazi yote ya kusimamisha tani zile. Lainingi za kichwa zinaisha mapema, na siku ya mvua tela linakisukuma kichwa mpaka gari linajikunja. Na lainingi ikiwa nyembamba kupita kiasi ndani ya dramu lililolika, kamu inaweza kupinduka, ikavuka rola na kukwama. Gurudumu linafunga ghafla, au breki haipo tena. Hakuna tahadhari inayotangulia.

Kisha hesabu siku. Kazi ya kupangwa inakusimamisha siku moja au mbili. Lori likifia njiani na habu imekwama, unamlipa fundi wa kusafiri, spea zinapanda basi, mzigo unahamishwa au unalindwa usiku, na rejesho la benki halisubiri. Kama kuna ajali, mkaguzi wa magari wa polisi ataandika hali ya breki kwenye ripoti yake. Soma mkataba wako wa bima: bima kubwa nyingi zina sharti la gari kutunzwa katika hali salama ya kutembea barabarani, na ripoti ya aina hiyo inakuweka pabaya.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: usisukume hata wiki mbili. Tengeneza ekseli zote mbili alizotaja fundi, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa lainingi za aina moja. Kama fedha inatosha ekseli moja tu, basi tela lisimame mpaka ipatikane ya pili. Tunajua linavyouma hilo. Mpigie afisa mikopo kabla tarehe haijapita, umweleze kuwa gari liko gereji. Hayo ni mazungumzo mepesi kuliko yale ya gari lililopinduka.

Breki zilipotea Kitonga, zikarudi. Je, zimepona?

*Nilikuwa nashuka mlima Kitonga na mzigo, gari zima kama tani 50. Katikati nikasikia harufu ya kuungua, nikikanyaga gari halipungui. Namshukuru Mungu nilipata nafasi nikasimama. Baada ya saa moja breki zikawa kama kawaida na nimeendelea na safari. Bosi anasema kama zimerudi hakuna shida. — Dereva, Iringa*

Pole sana kaka, na hongera kwa kulisimamisha. Breki zako hazijapona. Zimepoa tu.

Tuliangalie joto lilitoka wapi. Gari la tani 50 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa, uzito wake unatoa nguvu inayokaribia kilowati 490, na lazima iende mahali. Injini ya farasi 400 ikikanyagwa mpaka mwisho inatoa kama kilowati 300. Ina maana breki zilikuwa zinadaiwa kumeza zaidi ya kile injini nzima inachoweza kutoa. Mteremko huohuo kwa kilomita 20 kwa saa unatoa kama kilowati 160, na sehemu kubwa ya hizo inaweza kubebwa na breki ya injini. Mwendo ndio unaoamua, zaidi ya ubora wa lainingi.

Kwa hiyo gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Ukishaingia kwenye mteremko gari likachanganya, kurudisha gia ni bahati nasibu, na ikikataa kuingia umebaki nyutro na mzigo wote. Washa breki ya injini na uache injini izunguke kwa nguvu. Kwenye malori mengi ya Ulaya saa ya mizunguko ina eneo la buluu linaloonyesha pale breki hiyo inapofanya kazi vizuri. Mwendo ukifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga breki ya mguu kwa uthabiti mpaka upungue kama kilomita 8 au 10 kwa saa, kisha achia kabisa. Rudia. Kuweka mguu juu ya pedali kwa mguso mwepesi kutoka juu mpaka chini ndiko kunakochoma breki, kwa sababu dramu halipati hata nafasi moja ya kupumua. Usitumie breki ya mkono ya tela peke yake ukidhani unakitunza kichwa.

Ukilazimika kusimama breki zikiwa zinafuka, weka vigingi kwenye magurudumu na usivute breki ya kuegesha mpaka zipoe. Wala usimwage maji kwenye dramu. Chuma cha kumimina kikipata maji kikiwa na joto lile kinapasuka.

Sasa mwambie bosi haya ndiyo ya kukagua kabla gari halijapanda mzigo mwingine. Kila dramu lifunguliwe. Tafuta mipasuko: ile midogo kama nywele iliyotapakaa usoni ni ya joto na inaweza kuvumilika, lakini mpasuko unaofika ukingoni mwa dramu unalitupa. Madoa ya rangi ya buluu yanaonyesha chuma kilizidiwa. Lainingi iliyong'aa kama kioo imeungua gundi yake. Haishiki tena sawasawa hata ukiipiga msasa. Springi za viatu zilizolegea kwa joto zibadilishwe. Ondoa habu uone kama grisi imetoka na beringi zimebadilika rangi. Halafu pima fimbo za busta zote, maana inawezekana kabisa ulianza mlima ukiwa na breki nusu na hizo chache ndizo zilizobeba kazi ya wote. Kama utakuta magurudumu mawili yameungua na mengine yako safi, hayo safi ndiyo mabovu.

Mteja anataka nimkazie slaki kila wiki

*Mimi ni fundi, nina miaka michache kazini. Mteja ana tela lenye slaki za kujikaza zenyewe, lakini kila wiki analeta nizikaze kwa spana kwa sababu fimbo zinatoka ndefu. Nikikaza zinakuwa sawa siku chache. Je, niendelee? — Fundi, Mariakani*

Usiendelee, ndugu. Slaki ya kujikaza ikihitaji spana kila wiki inakwambia kuna kitu kimeharibika, na kila ukikaza unafunika ushahidi.

Kwanza pima ipasavyo. Vigingi kwenye magurudumu, injini imezimwa, upepo kati ya psi 90 na 100, breki ya kuegesha imeachiwa. Piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye busta. Mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho na ashikilie. Pima kutoka kwenye busta hadi alama. Kwa busta 30 ya kawaida kikomo ni milimita 51, kwa busta 24 ya kawaida ni milimita 44. Kuna busta 30 za fimbo ndefu ambazo kikomo chake ni milimita 64. Utazitambua kwa midomo ya mraba pale paipu zinapoingia. Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja.

Kisha pima tena kwa kuvuta slaki kwa mkono, kwa kutumia pau, bila upepo, mpaka lainingi iguse dramu. Hapo fimbo itoke kama milimita 13 hadi 16. Kama mwendo huu ni mzuri lakini ule wa upepo ni mrefu, slaki haina kosa. Tatizo liko kwenye chuma kinachojipinda au kulegea: bushi za kamu zimelika, kamu inachezacheza, pini ya uma unaounganisha fimbo na slaki imeliwa ikawa na tumbo, braketi ya busta imepasuka, au dramu limezidi kipenyo. Shika kamu utikise juu na chini. Ukiona inacheza waziwazi, bushi zimekwisha. Kosa hili la kubadilisha slaki wakati bushi ndizo mbovu linakula fedha za wateja wengi.

Kama mwendo wa mkono nao ni mrefu, ndipo umshuku slaki. Safisha, tia grisi mpaka ya zamani itoke, irudishe kwa spana kiasi, kisha kanyagisha breki mara kadhaa uone kama kichwa cha skrubu kinazunguka chenyewe. Kisipozunguka, slaki imekufa na inabadilishwa pamoja na ya upande wa pili. Nyingine zina kijimeno ambacho lazima ukivute kabla ya kurudisha, ukilazimisha unakivunja. Ukifunga mpya: kaza mpaka lainingi iguse dramu, rudisha nusu mzunguko, halafu upime tena kwa upepo. Na hakikisha pembe ya kufungia ni ile ya mtengenezaji, kwa kuwa slaki nzuri iliyofungwa kwa pembe mbaya haijikazi.

Busta inavuja, dereva ameikunja paipu

*Busta moja ya tela ilikuwa inavuja upepo, dereva akakunja paipu na kuifunga kwa waya ili afike. Sasa ni mwezi, gari linatembea. Je, kuna haraka? — Mmiliki, Singida*

Ndiyo, ipo, na ni kubwa. Tela la ekseli tatu lina magurudumu sita yenye breki. Umeondoa moja, na ekseli ile sasa inashika upande mmoja tu. Gari litavuta upande kila likikanyagwa breki kali. Kwenye mteremko wa Sekenke, ambao lori lako huenda linaupita mara kwa mara, hiyo ni kazi ya gurudumu zima waliyoongezewa wenzake.

Uvujaji wenyewe mara nyingi ni mpira wa ndani ya busta uliotoboka, spea ndogo. Upande wa mbele wa busta, ule wa breki ya mguu, fundi anaweza kuufungua na kubadilisha mpira baada ya kuikamata springi kwa boliti yake maalumu. Upande wa nyuma wenye springi kubwa ya kuegesha usifunguliwe na mtu yeyote. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayozidi nusu tani, na ikifyatuka inaua. Upande huo ukiharibika, busta inabadilishwa nzima.

Mkaguzi wako wa kwanza awe geji ya upepo. Jaza mitungi, zima injini, kanyaga breki ushikilie. Baada ya ule mshuko wa mwanzo, upepo usipungue zaidi ya psi 4 kwa dakika moja kwa kichwa na tela. Ukipungua zaidi, pita na maji ya sabuni kwenye maungio yote. Na mwambie dereva afungue vali za chini ya mitungi kila siku. Maji yakitoka mengi, au yakitoka na mafuta, chujio la draya (kikausha upepo) limekwisha au kompresa inapitisha oili. Mafuta hayo ndiyo yanayooza mipira ya busta na kukufanya ununue mingine kila baada ya miezi michache.

Lainingi zimelowa grisi. Nizioshe kwa petroli nizichome?

*Ni mpya, hazina hata mwezi. Sili ya habu ilivuja. — Msomaji, Mbeya*

Hapana. Grisi imeshaingia ndani ya lainingi; ukichoma juu inatoka, na breki ikipata moto ile ya ndani inapanda tena usoni. Badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, na kabla ya hapo badilisha sili na uangalie pale inapokaa kwenye spindo, kwani ikiwa na mkwaruzo sili mpya itavuja vilevile. Usijaze habu grisi mpaka pomoni ukidhani unaisaidia beringi. Grisi ya ziada ndiyo inayosukuma sili.

Na vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani na baadhi ya zinazouzwa bila jina zinaweza kuwa na asbesto, ambayo ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa, na vijana wa gereji wasifanye kazi hiyo bila barakoa.